Kukadiria umri wa mimba ya ng'ombe na aina ya ndama aliye tumboni: mwongozo kwa wafugaji wa Goma na Masisi

Ng'ombe anayeshuka Goma siku hizi kutoka milima ya Masisi mara nyingi hana daftari. Vita vimewahamisha wenye ng'ombe, mifugo mingi imeporwa au imeuzwa haraka haraka, na anayekushikisha kamba si yule aliyemwona fahali akimpanda. Anachoweza kukupa ni neno la mdomo: "Papa, huyu ana mimba ya miezi saba, ya Brune safi." Nawe unaongeza pesa kwa ajili ya ndama wa Brune, yaani Brown Swiss, ambaye hujamwona.

Mimi nililinunua neno hilo. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilimchukua mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, upande wa Sake, nikaambiwa miezi saba, fahali Brune. Nikampa pumba na chumvi kila siku kama ng'ombe anayekaribia kuzaa, nikalala macho wiki nzima nikingoja. Alizaa miezi mitano baadaye. Alipozaa, ndama alikuwa mweusi tii, na doa jeupe tumboni karibu na kiwele. Siku ile ya kununua mimba ilikuwa ya miezi minne, na baba hakuwa Brune. Tangu hapo nimepima mimba nyingi, kwa mkono wangu na kwa kusimama karibu na maveterinere wanaojua kazi, na nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila anayenunua ng'ombe mwenye mimba alijue: umri wa mimba unaweza kupimwa, lakini aina ya ndama, kabla ya mwezi wa saba, haisomeki mwilini mwake. Inasomeka kwenye tarehe. Ndiyo maana umri huja kwanza.

Hesabu ya kushika kichwani

Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi, yaani miezi 9 na wiki moja. Ukijua siku aliyopandwa, ongeza miezi 9 na siku 8 hadi 10, utaipata siku ya kutarajia. Aliyepandwa tarehe 10 Machi, mngojee kati ya tarehe 18 na 20 Desemba.

Aina ya ng'ombe huvuta siku hizo mbele au nyuma. Friesian na Jersey hubeba siku 279 hivi. Brown Swiss, ambaye kwetu Kivu wengi humwita Brune, hukaribia siku 290, na ng'ombe wa nundu wa jamii ya zebu naye yuko huko huko. Kwa mfano wetu wa tarehe 10 Machi, Friesian safi atazaa karibu na tarehe 14 Desemba, na Brune safi karibu na Krismasi. Ndama wa mama Friesian na baba Brune huangukia katikati, tarehe 19 au 20. Ndama dume hukaa tumboni siku moja au mbili zaidi ya jike. Mapacha huwahi, mara nyingi kwa wiki moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia ng'ombe "amepitisha siku", usikimbilie dawa ya kumzalisha kabla hujajua baba wa ndama ni nani. Brune wa siku 287 hajapitisha kitu.

Anza na maswali, hata kama majibu yana mashaka

Uliza lini alionekana mara ya mwisho akiwa kwenye joto, yaani akipanda wenzake au kusimama apandwe. Joto hurudi kila siku 21 hivi, likiwahi 18, likichelewa 24. Uliza kundi lilikuwa na mafahali wangapi, na wa rangi gani. Uliza kama fahali wa jirani alikuwa anavuka ua. Swali hilo la mwisho watu hulijibu kwa kicheko, lakini ndilo linalozaa ndama wengi weusi wasiotarajiwa.

Kama alipandishwa kwa mbegu ya mrija, yaani mbegu iliyowekwa na fundi bila fahali kumpanda, omba uonyeshwe mrija wenyewe. Mrija mtupu usitupwe kamwe: umeandikwa jina au namba ya fahali, na mara nyingi alama ya aina yake. Ubandike kwa gundi kwenye daftari kando ya tarehe. Huo ndio ushahidi wa bei nafuu kuliko wote.

Ng'ombe wachache wenye mimba huendelea kuonyesha dalili za joto. Ukimpandisha tena kwa mrija bila kumpima kwanza, fundi anaweza kupenya mlango wa kizazi uliofungwa na kuitoa mimba iliyokuwa salama. Na hata isipotoka, tarehe uliyoiandika itakuwa ya uongo. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu nimeliona kwa macho.

Kutazama kwa nje

Njia hii ni ya kukisia tu, nami sitaikawilia. Mtamba huanza kuonyesha kiwele kinachojaa kuanzia mwezi wa nne au wa tano. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa huonyesha mwishoni kabisa, wiki za mwisho. Kuanzia mwezi wa sita au wa saba, simama upande wa kulia wa ng'ombe, weka ngumi chini ya ubavu, mbele ya goti la nyuma, sukuma kwa nguvu kiasi kisha ulegeze bila kuondoa ngumi. Kama ndama ni mkubwa, kitu kigumu kitaondoka kisha kitarudi na kugonga ngumi yako. Upande wa kushoto tumbo la chakula linakudanganya, usihangaike nalo. Asubuhi ya baridi, ng'ombe akinywa maji, ndama anaweza kuonekana akiruka ubavuni.

Tumbo kubwa peke yake si mimba. Majani mabichi ya Masisi yanalijaza tumbo la ng'ombe yeyote.

Kupima kwa mkono

Kazi hii ni ya veterinere au fundi aliyefundishwa. Siiandiki ili kesho uingize mkono, bali ili ukisimama kando ujue anachokigusa na umwulize maswali ya maana. Mkono unaingia kwa njia ya haja kubwa, na kizazi kinaguswa kupitia ukuta wa utumbo. Glavu ndefu, mafuta laini au sabuni laini, kucha fupi, hakuna haraka. Mimba changa ya mwezi mmoja na nusu ikifinywa vibaya hufa.

Siku ya 35 hadi 45, fundi mzuri anahisi pembe moja ya kizazi imekuwa nene kuliko nyenzake, ina maji, na ngozi nyembamba ya ndani inateleza kati ya vidole vyake. Miezi miwili, pembe hiyo imekuwa kama ndizi ya kupika. Miezi mitatu, kizazi kimeanza kuinamia tumboni, na vifundo vya kondo la nyuma vimeanza kuguswa, vidogo kama maharage. Hapo ndipo wengi hupata uhakika.

Kuanzia mwezi wa nne kuna dalili ninayoiamini kuliko zote: mshipa mkubwa wa damu unaolisha kizazi. Mshipa wa kawaida hupiga, dup, dup. Mshipa wa mimba unatetemeka, kama bomba la maji yaendayo kwa kasi. Mwezi wa nne una unene wa penseli. Baadaye unakuwa kama kidole. Ukiuhisi mara moja, hutausahau.

Mwezi wa tano na wa sita ndiyo migumu. Ndama ameshuka chini tumboni, mkono haumfikii, na fundi anapaswa kutegemea vifundo, ambavyo sasa vimekaribia ukubwa wa yai la kuku, na mshipa ule. Usimdharau fundi anayekuambia "mitano au sita, siwezi kukaza zaidi." Huyo ni mkweli. Mwezi wa saba kichwa na miguu hurudi juu na kuguswa tena. Ukimpata mwenye mashine ya ekografi (ultrasound), mimba inaonekana vizuri kuanzia siku ya 28 hadi 30, na kati ya siku ya 55 na 70 anaweza kukuambia hata kama ni dume au jike.

Sasa linganisha na hadithi ya muuzaji. Akisema saba na mkono haumfikii ndama, na mshipa ni wa penseli, umeshapata jibu.

Kijusi kikiwa nje

Hapa ndipo vipimo vinakuwa vya kweli. Kijusi hutoka kwa kutupwa na mama yake, au hupatikana kwenye machinjio ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa bila kupimwa, jambo ambalo linaniuma kila ninapoliona.

Usikiguse kwa mkono mtupu. Vaa glavu, funika mdomo na pua kwa kitambaa, wazuie watoto na mbwa. Sababu nitaieleza chini.

Unachohitaji ni utepe wa fundi cherehani na ubao. Kilaze kijusi kwa ubavu, kikiwa kimejikunja kama kilivyokuwa tumboni. Usikinyooshe shingo wala mgongo. Pima mstari ulionyooka kutoka utosini, kati ya mahali pa pembe, hadi shina la mkia. Usifuate mviringo wa mgongo, utaongeza sentimita nyingi bure. Mimi huweka mawe mawili bapa, moja likigusa utosi na jingine likigusa shina la mkia, nakiondoa kijusi, kisha napima nafasi iliyobaki kati ya mawe. Utepe hauchafuki na mkono hautetemeki.

Hesabu ya kwanza ni rahisi hata kwa asiyesoma sana: chukua idadi ya miezi, izidishe kwa idadi hiyo hiyo ukiongeza mbili. Miezi 3 mara 5 ni sentimita 15. Miezi 4 mara 6 ni 24. Miezi 5 mara 7 ni 35. Sita ni 48, saba ni 63, nane ni 80, tisa ni 99. Wewe unarudi kinyume: umepata sentimita 35, tafuta namba inayofika hapo.

Hesabu ya pili inakupa siku. Chukua sentimita, ongeza 21, zidisha kwa mbili na nusu. Sentimita 35: thelathini na tano na ishirini na moja ni 56, mara mbili na nusu ni siku 140. Hesabu hizi mbili hazilingani kila mahali. Fanya zote, kisha ruhusu wiki mbili huku na huku.

Halafu usome mwili, kwa sababu mwili unaweza kuisahihisha tepu:

Mwezi wa pili ni kitu cha ukubwa wa panya mdogo, kwato ni vinundu tu, na jinsia inaanza kujulikana.

Wa nne, kwato zimekuwa njano na mahali pa pembe panaonekana.

Wa tano, nywele za kwanza zimetoka kwenye nyusi na midomoni. Kwa dume, korodani zimeshuka mfukoni. Kwa jike, chuchu zinaonekana.

Wa sita, kuna kope, kuna nywele ndani ya masikio, kuzunguka mahali pa pembe, na kwenye ncha ya mkia. Mgongo bado uchi.

Wa saba, nywele zinaingia kwenye miguu na mkia, na zinaanza mgongoni.

Wa nane, mwili wote umefunikwa na nywele fupi laini. Wa tisa, koti limekamilika, na meno ya mbele yanaanza kuchungulia kwenye ufizi.

Mambo mawili hupotosha. Mapacha huwa wadogo kuliko umri wao. Na kijusi kilichofia tumboni na kukauka, cheusi au cha kahawia kama ngozi iliyokaushwa, urefu wake unakuambia kilikufa lini, haukuambii kilitoka lini. Ng'ombe anaweza kukaa nacho miezi. Ukikiona hivyo, acha hesabu ya siku.

Mfano wa Mugunga

Mama mmoja wa Mugunga aliniita tarehe 14 Mei. Ng'ombe wake, chotara wa Friesian, alikuwa ametupa mimba usiku. Kwenye daftari, mrija wa Friesian uliwekwa mwanzoni mwa Januari. Kwa daftari, basi, mimba ilikuwa na miezi minne na kidogo, na kijusi kilitakiwa kuwa na sentimita 24 au zaidi kidogo.

Kilikuwa na 48.

Nilipima mara tatu. Arobaini na nane na ishirini na moja ni 69, mara mbili na nusu ni siku 172. Hesabu ya miezi inasema sita kamili. Niliangalia nywele: kope zipo, masikio yana nywele ndani, ncha ya mkia ina shungi dogo, mgongo ni ngozi tupu ya waridi. Tepu na mwili vilisema neno moja. Nikarudi nyuma siku 172 kutoka tarehe 14 Mei, nikaangukia tarehe 23 Novemba. Nikaruhusu wiki mbili huku na huku: kati ya tarehe 9 Novemba na 7 Desemba. Fundi aliyeweka mrija Januari alimpandisha ng'ombe aliyekwisha kushika mimba.

"Mama, Novemba huyu alikuwa wapi?"

Akafikiri. Novemba ng'ombe walikuwa kwa shemeji yake, upande wa Mushaki, kwa sababu majani yalikuwa yamekwisha hapa chini. Shemeji ana fahali mmoja tu, Brune.

Kijusi kile hakikuwa na rangi ya kusoma. Ngozi ya waridi haina kabila. Baba alijulikana kwa tepu, kalenda, na swali moja kwa mwenye ng'ombe.

Kusoma aina, nywele zikishakuwepo

Kuanzia mwezi wa nane, au wa saba ukiwa na bahati, kuna kitu cha kutazama. Kioshe kwanza kwa maji safi na ukikaushe kwa kitambaa. Nywele zilizolowa huonekana nyeusi kuliko zilivyo, na uchafu wa tumboni hupaka njano iliyodanganya wengi.

Friesian ni rahisi kumkosea. Watu hutafuta mabaka meusi na meupe makubwa, lakini mabaka hayo huja kamili pale tu ambapo wazazi wote wawili wanayabeba. Weusi wa Friesian unatawala, mabaka yanajificha. Kwa hiyo Friesian akimpanda Ankole mwekundu, ndama mara nyingi ni mweusi karibu mwili wote, na weupe kidogo tumboni, kwenye kiwele, labda nyota kwenye paji. Huyo ndiye aliyezaliwa kwangu. Ndama mwekundu kutoka kwa mama mwekundu, na unaambiwa baba ni Friesian mweusi? Uliza vizuri. Inawezekana tu kama fahali huyo anabeba wekundu kwa siri. Ndama mweusi kutoka kwa mama mwekundu maana yake baba alikuwa na weusi; lakini kumbuka kwamba Ankole weusi nao wapo, kwa hiyo weusi peke yake haumthibitishi Friesian.

Brune safi huzaliwa na rangi ya mwanga, kijivu cheupe au kahawia hafifu, kisha huiva na umri. Pua ni nyeusi, na kuizunguka kuna pete nyeupe kama mtu aliyekunywa maziwa. Masikio ni makubwa na yenye manyoya mengi. Lakini Brune akimpanda Friesian, weusi wa mama unashinda, na ndama huja mweusi au kahawia iliyokolea. Wako wafugaji waliowakataa ndama wa namna hiyo, wakisema fundi amewadanganya, kumbe wamepewa sawasawa walichoomba. Tazama masikio na pua kabla ya kugombana.

Jersey naye ana pete nyeupe puani na rangi ya paa, hivyo huchanganywa na Brune. Watenganishe kwa ukubwa na uso: Jersey ni mdogo, uso wake umebonyea katikati kama sahani, macho yamejitokeza. Jersey hukaribia kilo 25 akizaliwa. Brune na Friesian hufika 40 na zaidi.

Ankole, usitafute pembe. Pembe zile ndefu zinazosifiwa hazipo tumboni. Kuna vinundu tu, sawa na vya ndama yeyote. Na nundu yake ni ndogo, kwa kijusi haionekani. Zebu na Sahiwal unaweza kuwatambua kwa ngozi iliyolegea kitovuni na shingoni, masikio yaliyolala kidogo, na alama ya nundu mabegani, lakini hata hapo nasema "inaelekea", sisemi "ni".

Na ukubwa wa kijusi usiutumie kupima aina kabla ya mwezi wa tano. Mimba changa za aina zote hukaribiana kwa urefu. Tofauti huja mwishoni, ndama anapoongeza nyama, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake huupata miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo sababu pia mtamba mdogo wa Ankole aliyepandwa na Friesian mkubwa anapaswa kujulikana mapema: siku ya kuzaa atahitaji mtu wa kumsaidia, na mtu huyo asitafutwe usiku.

Kama kuna kesi ya pesa nyingi, uthibitisho wa mwisho ni kipimo cha DNA cha kipande cha sikio au nywele zenye mizizi, kikilinganishwa na fahali. Hicho hakibishaniwi.

Umri wa mimba iliyotoka unakuambia pia kilichoiua

Mimba zinazotoka mapema, kabla ya mwezi wa tano, hasa zikitoka kwa ng'ombe kadhaa waliopandwa na fahali mmoja, mtilie shaka fahali: kuna vidudu vya trikomona vinavyoenezwa kwa kupandana. Mimba zinazotoka mwezi wa tano hadi wa nane, hasa kwa mitamba, na kondo likabaki ndani, zitilie shaka ya brusela. Ile ya Mugunga ilikuwa na miezi sita na kondo lilikataa kutoka. Sikuhitaji kusema zaidi kwa yule mama ili aelewe kwamba damu ya ng'ombe wote ilipaswa kuchukuliwa na veterinere.

Brusela humpata mtu: homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo, uchovu wa miezi. Humwingia kwa kushika kijusi, maji ya uzazi na kondo, na kwa kunywa maziwa mabichi. Kwetu mashanza, maziwa ya mgando, hupendwa, nami nayapenda, lakini maziwa ya kundi lililotupa mimba yachemshwe kabla ya kugandishwa. Kuganda hakuui ugonjwa huo kwa uhakika.

Kijusi, kondo na majani yaliyolowa vizikwe kwa kina na chokaa juu, au vichomwe mpaka viishe. Wenzetu walio juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, hasa ile ya 2002, wanajua kuchimba haiwezekani. Wengi hufukia kwa mawe matatu na mbwa hukifukua usiku huo huo. Choma. Tumia kuni za kutosha, au kipeleke kwenye gunia lililofungwa vizuri hadi mahali penye udongo. Mahali alipotupia mimba pamwagiwe dawa ya jiki, na mwenyewe atengwe na wenzake wiki kadhaa.

Sokoni

Nenda na veterinere wako, usiende na wa muuzaji. Patana bei mbili kabla ya mkono kuingia: bei ya ng'ombe akikutwa na mimba ya miezi iliyotajwa, na bei akikutwa na pungufu au hana. Ukifanya hivyo kwanza, hakuna atakayekasirika baadaye.

Ukishamfikisha nyumbani, andika ukurasa mmoja: tarehe ya kupimwa, umri alioutaja fundi, dalili alizozigusa, siku ya kupandwa uliyoihesabu kwa kurudi nyuma, na siku ya kuzaa uliyoihesabu kwa kwenda mbele. Rudi nyuma siku 60 kutoka siku ya kuzaa, uweke alama. Siku hiyo unaacha kumkamua, apumzike na kutengeneza maziwa ya kwanza yenye kinga kwa ndama. Kama umri ulikadiriwa mwezi wa tano au wa sita, wakati mkono haumfikii ndama, mwite fundi tena baada ya wiki sita athibitishe kabla hujaacha kukamua. Kwenye mstari wa baba wa ndama, kama hakuna mrija wala mtu aliyeona, andika "hajulikani", uache nafasi ya kujaza siku ndama atakapokauka nywele.